Kulia Nje ya Ua

Siku niliyostaafu, wenzangu wa wodi ya watoto walinikatia keki, wakanipa blanketi na saa ya ukutani, kisha daktari mmoja kijana mwenye utani mwingi akasimama mbele ya watu akaniigiza. Hakuigiza ninavyoongea wala ninavyogombeza wanafunzi, ingawa hapo angekuwa na mengi ya kuchagua. Aliigiza ninavyofunga mlango. Alinyata mpaka mlangoni, akashika kitasa kwa mkono mmoja, akatandaza kiganja cha pili kwenye ubao, akausukuma taratibu huku amebana pumzi, mpaka ukafunga bila hata kulia bawaba. "Miaka yote hii," akasema, "tumekuwa tukijiuliza daktari anamwibia nani." Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka.

Lakini swali ni la haki, na kwa kuwa sasa nina nafasi ya kukaa, nitalijibu. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya mwaka wangu wa mwisho wa kusomea udaktari wa watoto, na chumba kimoja kule Isiolo. Ninyi mmemaliza masomo yale yale bila kukiona chumba cha aina hiyo, na ninashukuru kwamba hamkukiona.

Nilianza masomo hayo Nairobi miaka ya sabini ikielekea kuisha, nikiwa tayari daktari wa kawaida, tena anayejiamini kupita kiasi. Siku ya kwanza, Profesa Anyango, mwanamke mfupi aliyevaa raba wodini kama mtu anayengoja kukimbia, alinisimamisha mlangoni pa wodi iliyojaa watoto, wawili wawili kwa kila kitanda. Akaniambia nisiingie. Nitazame tu, nimwonyeshe ni yupi wa kushughulikiwa kwanza. Nikamwonyesha mmoja aliyekuwa akipiga mayowe hadi uso umeiva. Profesa akatikisa kichwa. "Huyo ana nguvu za kulia. Nitafutie aliyenyamaza." Aliyenyamaza alikuwa kwenye pembe, macho wazi, na hakuiona jioni. Tangu siku hiyo wodi yenye kelele hainitishi hata kidogo.

Ni yeye pia aliyenipa bomba lake la sindano la kioo, ndani ya kibati cha peremende kilichofutika maandishi. Wakati huo mabomba ya plastiki yalikuwa yameanza kuingia, na sisi vijana tuliyapenda kwa sababu hayakuhitaji kuchemshwa. Profesa alituambia tuyapende tu, lakini kuna dawa moja, paraldehaidi, inayotuliza mwili unaokakamaa, ambayo ukiiweka kwenye plastiki inaanza kuila. Dawa hiyo ina harufu inayokufuata mpaka nyumbani na kulala nawe. "Ipo siku utaishiwa na kila kitu isipokuwa hiyo," akasema. "Siku hiyo uwe na kioo."

Kuhusu mwaka wa mwisho, alituonya kwamba hatutafundishwa ugonjwa mpya. Tutafundishwa kukosa mtu wa kumuuliza. Ndiyo maana kila mmoja wetu alipelekwa kwa miezi kadhaa kwenye hospitali ya mbali, akawa ndiye wa mwisho kuitwa. Mimi nilipelekwa Isiolo. Miaka ya themanini ilikuwa imeanza, na lami iliishia pale. Mtu wa Merti akishuka Nairobi akarudi, aliwaambia wenzake kwamba ametoka Kenya.

Asubuhi yangu ya kwanza, mzee mmoja kutoka Biliqo alikuwa amekaa mlangoni na mjukuu wake mapajani.

"Daktari iko wapi?" akaniuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Hapana. Ile kubwa."

"Ni mimi huyo huyo."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akashusha pumzi. "Sasa ile ndogo ni nani?"

Hakukuwa na mdogo. Kulikuwa na mimi, na Sista Halima Guyo, muuguzi mkuu wa wodi, Mborana mnene mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kutoisikia. Alinitembeza kitanda kwa kitanda: nimonia, surua, kuhara, utapiamlo, mtoto aliyeumwa na nyoka, mtoto aliyeungua. Ukame ulikuwa mwaka wake wa pili, mizoga ya ng'ombe imelala kando ya njia yote ya Kulamawe, na watoto waliofika kwetu walikuwa na ngozi za wazee. Hayo yote nilikuwa nimesomea. Mwisho wa wodi tukafika kwenye mlango uliofungwa. Sista akavua viatu vyake, akanielekeza kwa kidole nami nivue vyangu. Kisha akaufungua ule mlango kwa mikono miwili.

Ndani kulikuwa giza. Dirisha lilizibwa kwa blanketi la kijivu. Macho yalipozoea, niliona vitanda vidogo, na kando ya kila kitanda mama ameketi sakafuni bila kusema neno. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha watoto wa pepopunda.

Niwaeleze, maana ninyi mnaijua ya vitabuni. Mtoto anazaliwa mzima. Analia, ananyonya, anapewa jina. Kitovu kilikatwa kwa kisu au wembe uliokwisha fanya kazi nyingine, kikapakwa majivu, au samli, au chochote walichopakwa bibi yake na mama yake. Wiki moja hivi inapita. Kisha anaanza kukataa titi. Si kwamba hataki, taya limefunga. Kilio kinageuka mguno, halafu hata mguno unakwisha. Baada ya hapo kila kitu kinachomgusa kinamkakamaza: mwanga, mkono, sauti. Mgongo unapinda kama upinde, ngumi zinakaza, uso unavuta kicheko ambacho si kicheko, na pumzi inasimama. Mlango ukibamizwa, pumzi inasimama. Na muda wote huo akili yake iko sawa, anahisi. Hilo ndilo nililoshindwa kulizoea, na mpaka leo nikilifikiria nasikia hasira.

Sikumgombeza mama yeyote kwa majivu yale. Walifanya walivyofanyiwa, na wengi walifanyiwa hivyo hivyo wakapona. Sindano ya kuwakinga akina mama ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutembea, na ilitembea pole pole kuliko ngamia.

Dawa ya kuua ugonjwa wenyewe hatukuwa nayo ya maana. Tulichokuwa nacho ni dawa za kumtuliza mtoto, maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye kikombe na kupitishwa puani kwa mpira mwembamba, pampu ya kufyonza makohozi iliyoendeshwa kwa kukanyagwa na mguu, na ukimya. Katika hayo yote, ukimya ndio uliofanya kazi kubwa. Ukimpitisha mtoto wiki tatu bila kumshtua, mwili unajifungua wenyewe. Sista Halima aliujenga ukimya ule kama mtu anavyojenga nyumba. Bawaba zilipakwa mafuta ya kupikia. Ndoo zilivishwa vitambaa. Tochi ilifunikwa kwa ile karatasi ya buluu inayofungiwa pamba ya hospitali. Mtoto hakuguswa mara mbili kwa kazi mbili; ulingoja dawa imshike, ndipo umlishe, umgeuze, umsafishe, yote kwa mkupuo mmoja, halafu utoke. Nilijifunza kuchoma sindano huku nikibana pumzi. Nilijifunza kufunga mlango.

Barabara ndiyo iliyotushinda. Ukuta wa chumba kile ulipakana nayo, na malori ya kwenda Garbatulla na Sericho yalipita hapo yakinguruma, utingo wakigonga mabodi kwa viganja. Nikamwendea mwenye malori mengi kuliko wengine, Haji Warsame. Babu yake alikuja na jeshi la Waingereza, vita vikaisha akaachwa Isiolo na kipande cha ardhi na medali, wajukuu wakawa matajiri wa usafiri.

"Salaam aleikum, Haji."

"Aleikum salaam, daktari. Karibu chai. Nani mgonjwa?"

"Magari yako."

Akacheka. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Daktari, gari yangu ikinyamaza, hiyo imekufa. Mimi nitafanya nini?"

Sikubishana naye. Nilimwomba aje aone. Alivua viatu, akasimama ndani ya mlango gizani, mkono kifuani, na mara lori likapita nje. Sijui lilikuwa la nani. Kwenye kitanda cha karibu naye, mtoto akapinda mgongo mpaka akabaki ameshikiliwa na kisogo na visigino tu, na mama yake akainamisha kichwa. Haji alitoka nje akajifuta uso kwa kofia yake.

"Wallahi. Ile ni gari imefanya vile?"

"Gari yoyote, Haji."

Barabara pale ina mteremko mdogo. Kuanzia wiki ile malori yake yalizimwa injini juu ya hospitali, yakabingirika kimya kupita ukuta wetu, yakawashwa kwa kushtuliwa mbali kule chini. Yaliyokuwa yakirudi yalizunguka nyuma ya soko la mifugo. Wenye malori wengine wakaona aibu kuwa peke yao wenye kelele. Wageni wa mji walidhani Isiolo imeishiwa dizeli.

Basi tukadhani tumefikiria kila kitu. Tulikuwa hatujafikiria kilio. Asubuhi moja mtoto wa mama aliyetoka Sericho alikufa, na yule mama akapiga unyende kama mama yeyote duniani. Mtoto wa kitanda cha pili akakakamaa, akaachia, akakakamaa tena, dawa zikashindwa kumshika, na kabla ya saa sita mchana naye akaenda. Hakuna aliyemlaumu mama wa Sericho. Yeye mwenyewe hakujua. Nilimuuliza Sista Halima, tukiwa nje, kama hatuna budi kuwaambia akina mama wasilie.

"Umwambie nani asilie?" akaniuliza. "Mimi nimezaa sita, nimezika wawili. Hilo neno halitoki kwa mdomo yangu. Na wewe, intala, usiliseme." Intala ni msichana kwa Kiborana. Aliniita hivyo nilipomuudhi au nilipomsikitisha, na mara nyingi sikujua ni lipi.

Sikulisema. Wakalisema wenyewe, siku ile ile, wakiwa kwenye mfereji wakifua nepi. Wasamburu, Waborana, Waturkana, Wameru, wanawake ambao huko nje waume zao walipigania visima na malisho, na wengine hawakusalimiana. Sista aliniletea habari wakati wa dawa za jioni. "Wameelewana," akasema, basi.

Walichoelewana ni hiki. Aliyefiwa atamfunga mwanawe kwenye shuka kama anayelala. Atainuka. Wanawake wawili kutoka wodi kubwa watamfuata. Atatoka chumba cha giza, atapita katikati ya wodi, atatokea mlango wa nyuma, atavuka ua wa miiba mpaka kwenye mgunga ulio ukingoni mwa laga, ule mto mkavu. Hapo ndipo atalia, alie anavyotaka. Na wale wanaobaki chumbani hawatainua macho kumtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, kwa sababu ukimtazama, atalia, na wewe utalia.

Niliwaona wakipita hivyo miezi yote niliyokaa pale. Sikuzoea. Nimeona watu wakifanya mambo makubwa hospitalini, wakatoa damu, wakatoa figo. Sijaona kubwa kuliko mwanamke kutembea na kilio chake mdomoni kutoka ule mlango hadi ule mti.

Darmi aliletwa na lori la Haji kutoka Kulamawe, ameketi mbele kando ya dereva, mtoto kifuani. Alikuwa Mborana mwembamba wa miaka ishirini na kidogo. Mtoto alikuwa msichana. Nilipojaribu kufungua taya kwa kidole, alininyamazia kwa namna niliyoijua.

"Hii ni ya tatu," Darmi akaniambia. "Wale wawili walifunga mdomo hivi hivi. Sikuleta hospitali. Hii nimeleta."

"Umefanya vizuri."

"Mimi sijawahi kusikia mtoto yangu ameita mimi mama. Hii ikienda, daktari, mimi sitazaa tena. Nimechoka kuzaa kwa udongo."

Kwenye kitanda cha karibu alikuwa Monica Akai, Mturkana wa mjini hapo hapo, muuza makaa, mama wa watoto wengine watatu. Mwanawe alikuwa mvulana mzito aliyezaliwa nyumbani. Siku za kwanza Akai na Darmi hawakusemezana. Ukoo wa mmoja ulikuwa umepoteza mbuzi kwa ukoo wa mwingine, sikumbuki nani kwa nani. Lakini huwezi kukaa gizani bega kwa bega na mtu, mnakamua maziwa kwenye vikombe vinavyofanana, ukaendelea kumnunia. Siku moja nilisikia wakinong'ona.

"Yangu itaanza kunyonya kabla ya yako," Akai alikuwa akisema. "Yangu imetengenezwa na chai ya rangi. Yako ni ya maziwa ya ngamia, laini."

"Tutaona," Darmi akanong'ona, na nadhani alitabasamu.

Ukweli ni kwamba Akai alikuwa sahihi. Wiki ya pili ilipokuwa inakwisha, mwanawe alikuwa akipitisha saa nyingi bila kukakamaa, na taya lilianza kulegea. Msichana wa Darmi ndiye niliyemhofia. Makohozi yalimjaa, na kila tukiyafyonza, kule kufyonza kwenyewe kulimkakamaza. Dawa za usingizi zilikuwa zinaisha, tukabaki na ile ya kunuka na bomba la kioo la Profesa. Nililichemsha kila mara kwa mkono wangu. Sikumruhusu mtu mwingine alishike.

Wakati huo Isiolo nzima ilikuwa ikiomba mvua. Misikitini waliomba, makanisani waliomba, wazee walichinja. Mimi niliyekula mshahara wa serikali niliangalia paa la chumba kile, mabati matupu bila dari, nikaomba kimoyomoyo isinyeshe, angalau wiki moja tu. Sikumwambia mtu. Wangenifukuza mjini, na wangekuwa na haki.

Ilikuja alasiri. Kwanza upepo na vumbi, kisha tone moja, kisha mengine, kila moja likigonga bati kama jiwe. Nilikuwa wodi kubwa. Nilikimbia, na nilipofungua ule mlango mvua yote ilikuwa imeshuka kwa pamoja. Ndani ya chumba hungeweza kusikia mtu anayekuambia kitu sikioni. Siku hiyo humo walikuwa wamebaki watoto wawili tu, wa Darmi na wa Akai, na wote wawili walikuwa wamepinda migongo.

Sista Halima alimshika wa Darmi. Mimi nilimshika wa Akai kwa sababu alikuwa amekuwa wa buluu zaidi. Nilimchoma, nikaweka mpira mdomoni, nikakanyaga pampu. Alikuwa akiachia kidogo, anavuta pumzi, halafu paa linazidi, anakaza tena. Nje watu walikuwa wakishangilia. Nilisikia vigelegele vya wanawake barabarani, wanaume wakiita, watoto wakicheza kwenye maji. Mji mzima ulikuwa na furaha, na sauti ya furaha hiyo ilikuwa ikimuua mtoto mikononi mwangu.

Kisha kishindo juu ya paa, kama mtu amedondoka, na pale upande wa Darmi kelele ikapungua. Haji Warsame alikuwa dukani kwake akifurahia mvua kama wengine, akakumbuka. Alikuja na vijana wake wa malori, wakapanda ukutani, wakatandaza maturubai juu ya mabati, na juu ya maturubai magunia matupu, na wengine wakalala hapo juu kuyashikilia yasichukuliwe na upepo. Mvua ikaanza kuanguka kwenye nguo na migongo ya watu badala ya bati. Haukuwa ukimya, ila ilikuwa nusu ya ile kelele. Msichana wa Darmi akaachia. Sista akaniashiria kwa kichwa kwamba anapumua.

Wa Akai hakuachia. Nilikanyaga ile pampu mpaka paja likaganda, nikampulizia hewa kwa mdomo, nikasikiliza moyo wake ukirudi nyuma, ukitafuta, ukisimama. Halafu nikaendelea kwa muda fulani ingawa nilijua. Mwishowe nikaondoa mpira. Akai alikuwa akinitazama muda wote. Nilitikisa kichwa.

Alimchukua. Alimfunga kwenye shuka, akamfunika uso nusu kama mtu anayemkinga mtoto na baridi. Midomo yake ilikuwa imebana. Darmi alikuwa ameweka paji la uso kwenye godoro la mwanawe, hakuinua macho, lakini mkono wake mmoja ulitoka, ukashika pindo la nguo ya Akai, ukaachia. Akai akatoka.

Wanawake wawili wa wodi kubwa wakamfuata, nami nikaja nyuma yao hadi mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na watu wamesimama kwenye mvua, wameinua nyuso. Bibi mmoja alimwona na kifurushi chake akampungia mikono miwili. "Mama, hongera! Mvua na mtoto siku moja!" Akai alisimama. Nilidhani pale ndipo atakapovunjika, hatua chache tu kutoka chumba kile.

"Asante, mama," akasema, akaendelea kutembea mpaka nje ya ua. Mvua ilikuwa kubwa. Nilimwona akipiga magoti chini ya mgunga na mdomo wake umefunguka, lakini sikusikia kitu.

Siku zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba nyasi ziliota. Nakumbuka kwamba kila asubuhi Akai alipita na gunia lake la makaa, akasimama nje ya lango, akamtazama askari wa zamu, na askari akainua kiganja juu: mtoto wa Darmi yupo. Akai akaitikia kwa kichwa akaenda zake sokoni. Askari yule hakuwa ameagizwa na mtu. Kila alipoingia zamu alipitia kwanza kwa Sista kuuliza, ili awe na jibu.

Msichana wa Darmi alilegea pole pole. Mgongo ulinyooka. Ngumi zikafunguka, tukaona viganja vyake kwa mara ya kwanza, na ndani yake uchafu wa siku zote hizo, tukauosha. Kisha akashika titi, akavuta mara moja, akachoka, akalala. Darmi alinitazama akiogopa kufurahi. Mtoto mwenyewe kulia hakulia. Alikuwa amekaa kimya kwa muda mrefu mno, na mama yake naye alikuwa amemzoeza kimya. Wote wawili walisogea kama wezi. Tulipomtoa kwenye giza na kumweka wodi kubwa kwa siku chache, Darmi aliendelea kunong'ona.

Siku ya kuruhusiwa, alikuwa amemfunga mgongoni, tayari kwa lori. Akanijia.

"Daktari. Sasa kelele haiui yeye?"

"Haimuui tena."

"Hata kubwa?"

"Hata kubwa."

"Basi ngojea mimi kidogo. Sijalilia mtoto ya Akai."

Sikuelewa mara moja. Sista Halima ndiye aliyenieleza, macho yake kwingine. "Kwetu mtu akifiwa, unaenda kulia naye. Usipolia naye umemtupa. Huyu alikuwa amekaa karibu naye mkono kwa mkono, na hakulia."

Akai alikuwa amekwisha fika. Nadhani askari ndiye aliyempelekea habari. Alikuwa amesimama chini ya mgunga, gunia la makaa miguuni. Darmi alipita njia ile ile. Alitoka wodini, akatokea mlango wa nyuma, akavuka ua, na hakutoa sauti mpaka alipoufikia mti. Hapo akaweka mikono kichwani akalia. Sijui wembamba ule ulitoa wapi sauti ile. Akai, ambaye nilidhani alikwisha malizana na kilio chake siku ya mvua, akamwangukia begani, na kilio chao kikawa kimoja.

Na mgongoni kwa Darmi nikamwona mtoto akirusha mikono yote miwili, mwili ukakaza.

Nilikimbia. Nilikuwa na kile kibati mfukoni mwa koti, na nilikuwa nimekwisha kifungua kabla sijafika uani, bomba la kioo mkononi, sijui hata nilitaka kuweka dawa gani humo. Miiba ilinirarua koti. Nilipowafikia nilimwangalia mdomo kwanza, kama nilivyozoea, kuona kama taya limefunga.

Mdomo ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi wote, mwekundu, ufizi mtupu, ulimi ukitetemeka katikati. Alikuwa amekasirika. Alikuwa akilia, kwa sauti nene isiyomfaa mtoto mdogo kiasi kile, na nilikuwa sijawahi kuisikia sauti hiyo hata siku moja. Darmi alinyamaza ghafla kwa mshangao. Akai akamfungua mgongoni, akamwinua mbele ya uso wake, machozi yakimchuruzika.

"Sikia huyu," akasema. "Sikia, sikia."

Nilisimama pale na bomba tupu la kioo, ninalia na ninacheka kama mtu asiye na shule.

Nilipogeuka, Sista Halima alikuwa amesimama mlango wa nyuma, hana viatu, kidole mdomoni. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwingine, vumbi la safari limemjaa, amekumbatia kifurushi kisicholia.

"Daktari," akaniita kwa ile sauti yake ndogo. "Njoo. Tuna mwingine."

Nikawaacha wote watatu wakilia chini ya mti, maana pale kelele ilikuwa halali yao. Nikavua viatu. Nikaingia chumba cha giza nyuma ya yule mama, nikashika kitasa kwa mkono mmoja na ubao kwa mkono wa pili, nikausukuma mlango taratibu, mpaka sauti ya yule mtoto ikabaki nje.